Familia ya Pasipoti

Kuna majuma kama manane katika maisha yangu ambayo nilikuwa na baba wawili na mama wawili. Wapo wasiopata hata mmoja mmoja, najua, na mimi nilikuwa na wa akiba. Kati ya hao wanne, mmoja tu hakunisaliti, na huyo alikuwa mbali mno, hata angetaka asingeweza.

Nianze na huyo wa mbali. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa magari. Aliondoka Uvira kwenda kusini kutafuta kazi kabla vita havijafika kwetu, akahama gereji hadi gereji mpaka akatua Windhoek, Namibia, nchi ambayo mimi niliijua kwa rangi yake ya njano kwenye ramani ya shule. Vita vilipofika tulikimbia watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike, niliyempita mwaka mmoja tu. Nasema mdogo wangu kwa sababu kwetu mtoto wa baba mdogo haitwi binamu. Ni ndugu, na baba yangu ni baba yake. Wazazi wake walipanda boti nyingine siku tuliyovuka ziwa. Yetu ilifika Kigoma, yao hatukuiona tena. Yeye alikuwa nasi kwa sababu pale ufukweni alinishika mkono akakataa kuuachia.

Kutoka Kigoma, kwa malori na kwa miguu, tukafika Malawi, tukapelekwa Dzaleka. Zamani palikuwa gereza. Nyumba za matofali za wafungwa zilikuwa bado zimesimama, nyingine hazina bati, majani yameota ndani, na sisi tulipewa turubai kando ya ukuta mmoja wa namna hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimaliza shule ya msingi nikiwa wa kwanza, na pale kambini hapakuwa na darasa la kunipokea juu ya hapo, kwa hiyo nikarudia la sita, ambalo kwetu ndilo la mwisho, na watoto walionifika begani. Baba alipata habari zetu kupitia kwa madereva, akaandika barua. Mleteni kwanza huyo mkubwa, alisema, hapa kuna shule, ninyi wengine mtafuata. Barua ile niliilalia. Kitu pekee nilichokitaka duniani kilikuwa kimeandikwa mle kwa kalamu ya bluu: nifike kwa baba, nikasome.

Njia ilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kindu, mtu wa swala tano, aliyekuwa akiuza sabuni na mafuta ya kupaka kwenye meza pale kambini. Alikuwa amesafiri kufuata bidhaa barabara ilipofungwa nyuma yake, mke na binti yake wakabaki Kindu. Yeye alikuwa na kitu ambacho sisi wengine wote hatukuwa nacho: pasipoti halali. Na ndani ya pasipoti ile mke na binti walikuwa wameandikwa, majina yao na miaka yao, bila picha zao.

Mwanaume wa kwetu akisimama peke yake mpakani, hata avae suti, anaonekana mtafuta kazi tu, na anarudishwa. Lakini mwanaume mwenye mke na mtoto, wamevaa safi, wana mabegi, wanasema wako matembezini, huyo ni mgeni. Mpango wake ulikuwa huo. Familia moja ya watu watatu, iko likizoni, inakwenda kuona magofu ya mawe ya kale ya Zimbabwe, kisha inapita Botswana kwenda kuona mbuga za jangwani Namibia. Wakifika Windhoek kila mtu ashike njia yake. Alikuwa anatafuta mke na binti wa kujaza pasipoti.

Mke alimpata upesi. Alikuwa mjane mmoja wa Fizi, fundi cherehani, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na kaka kule kusini. Binti wa kwenye pasipoti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yangu aliposikia hivyo aliniogesha kama mtoto mchanga, akanipeleka. Yule mfanyabiashara akanipa pasipoti niisome kwa sauti. Niliisoma Kifaransa chake chote, hadi maneno ya onyo ya ukurasa wa mwisho.

"Huyu njo mwenyewe," alisema. Ndiye.

Tukawa familia. Kila siku baada ya swala ya alasiri tulikutana kwenye baraza ya fundi cherehani wetu kujifunza kuwa watalii. Sisi watatu hatukuwahi kumkaribia mtalii. Mimi nilikuwa nimewaona wawili Uvira, wamekaa juu ya gari wakila ndizi. Baba wa pasipoti alikwenda Tsoka, soko la mji wa zamani kule Lilongwe, akarudi na rundo la vipeperushi vya utalii alivyovipata kwa mama mmoja aliyekuwa akifungia mandasi, maandazi ya kule. Vingine vilikuwa na mafuta. Vilikuwa na picha za milima ya mchanga mwekundu, picha za kuta za mawe, na maandishi mengi ya Kiingereza ambayo mimi niliyafasiri kwa kamusi ya kuazima ya katekista.

"Magofu si tuko nayo hapa?" mama wa pasipoti alisema, akiuonyesha kwa kidole ukuta wa gereza. "Na jangwa kisima kikikauka tutaiona pia. Sasa tunasafiri kufanya nini?" Alicheka mpaka cherehani ikasimama.

Kazi ngumu ilikuwa dini. Kwenye pasipoti mama alikuwa mke wa Mwislamu, na mdomo wake haukuweza kukaa dakika tano bila wimbo wa kanisa. "Mi nitafunga kitambaa, papa," alimwambia, "lakini nyimbo yangu uniachie." Wakajadiliana hiyo siku nzima. Mwishowe akaruhusiwa kuimba bila maneno, kwa pua tu, na ndivyo alivyoshona nguo zetu za safari, akivuma kama nyuki. Alitushonea mashati ya kaki yenye mifuko minne kila moja, kwa sababu kwenye vipeperushi watalii wote walikuwa na mifuko mingi. Mimi langu lilinikaa vizuri. Nililivaa hata siku ambazo hatukuwa na mazoezi, mama yangu akanigombeza nisilichafue.

Tulikwenda pia kupiga picha. Baba wa pasipoti aliwaza kwamba familia inayotalii lazima iwe imetalii kabla, na lazima iwe na ushahidi. Studio ya mji wa zamani ilikuwa na pazia lililochorwa jangwa, na ndani ya jangwa hilo mnazi na ngamia. Tukasimama mbele ya ngamia, watatu, mashati ya kaki, mkono wa baba wa pasipoti begani mwangu. Picha hiyo ninayo hadi leo. Nacheka ndani yake.

Sasa nieleze kosa letu, maana lilikuwa la kwetu sote. Katika shule zetu, kujua kitu ni kukisema chote. Mwalimu anataja somo, unasimama, unaweka mikono mgongoni, unalitoa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumeza mate, na ukikwama katikati unaanza upya. Hatukujua namna nyingine ya kuonyesha kwamba kitu unakijua. Kwa hiyo sisi tuliuona mpaka kama mtihani. Tuliamini afisa atauliza swali na atakayejibu kamili atapita. "Bantu ba mpaka banauliza mingi," baba wa pasipoti alituonya, akashika kijiti kama mwalimu. Mama wa pasipoti alikuwa akikwama kwenye jangwa, yeye mwenyewe baba akikwama kwenye magofu. Mimi sikukwama. Kufikia juma la tatu nilikuwa nazisema mbuga tatu na magofu yote kwa Kiingereza, na wao wakipotea wananitazama mimi.

Nilijivuna, siwezi kusema uongo. Nikirudi kwetu jioni, kabla ya giza, nilimkalisha mdogo wangu chini na kumhubiria jangwa lote. Yeye alibambua karanga akinisikiliza. Nikimwambia arudie, alisema mstari mmoja, akasahau wa pili. "Kichwa chako kimejaa karanga," nilimwambia, naye akacheka. Alikuwa mpole hivyo. Tangu ziwani alikuwa haombi kitu, hata maji alingoja mwingine aanze kunywa.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Baba wa pasipoti alituzoesha kuitana kwa majina ya kwenye pasipoti, na mimi aliniita kwa jina la binti yake. Mwanzoni alilitamka kama mtu anayemeza kidonge. Halafu siku moja nilikuwa nimeinamia kamusi, akaniita kutoka nyuma, na sauti yake ikawa laini kabisa, nami nikaitika "Papa" kabla sijafikiri. Nikarudi upesi kwenye kamusi. Nilikuwa sijasema neno hilo kwa mtu aliye mbele yangu kwa miaka mitatu. Kuanzia siku ile nilimpenda, na ninasema nilimpenda ili ieleweke alichokuja kukifanya.

Siku kumi kabla ya safari tulihamia Lilongwe, Area 47, tukae kidogo kama familia ndani ya nyumba ya kweli yenye choo na kioo. Baba wa pasipoti alipanga vyumba viwili kwa mzee mmoja Mmalawi, mstaafu aliyetumika ofisini maisha yake yote na aliyejua kidogo tunachokifanya. Kwetu msichana hatumwi ugenini peke yake. Anasindikizwa na ndugu mpaka siku ya kuondoka, na ndugu huyo ndiye anayerudi nyumbani kusema kwamba tumemwona akiondoka salama. Mama akanipa mdogo wangu anisindikize. Nililala naye mkeka mmoja, nikamweleza jinsi nitakavyomwandikia.

Mzee mwenye nyumba alijitolea kuwa afisa wa mpaka. Aliweka meza ya kupigia pasi sebuleni, akavaa tai, akakaa nyuma yake na kalamu. Mkewe alisimama mlangoni na mwiko wa nsima, ugali wa kule, mkononi kutazama. Tukapanga foleni. Baba wa pasipoti alijibu vizuri, mama wa pasipoti akatabasamu vizuri. Kisha mzee akaniangalia mimi na kuuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kama babu: "Na wewe binti, magofu uliyapenda?"

Nikapiga hatua moja mbele. Nikaweka mikono mgongoni. Nikamwambia kwamba magofu hayo ni kuta kubwa za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo kati ya jiwe na jiwe. Nikamwambia kwamba jangwa la Namib liko kando ya bahari, kwamba humo huota mmea wenye majani mawili tu ambao huweza kuishi zaidi ya miaka elfu, na kwamba mnyama wake ni choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Nilikuwa naingia kwenye pembe za choroa mzee alipoweka kalamu chini.

"Nani amekufundisha yote hayo?" aliuliza.

"Nimejifunza mwenyewe, bwana," nilijibu, bado mikono iko mgongoni.

Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema watoto wake aliwapeleka ziwani Salima mara nne, na ukiwauliza waliona nini, watasema waliona chipsi. Mtoto wa likizo hajui kitu, alisema. Ana njaa, ana usingizi, anataka kwenda chooni. Halafu, kwa utani tu, akamgeukia mdogo wangu aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua mboga. "Na wewe, magofu uliyapenda?"

Mdogo wangu hakuelewa swali. Aliangalia miguu yake, akatafuta katika maneno machache ya Kiingereza aliyoyaokota kwangu, akasema: "Nimechoka."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mke wa mzee alijifuta machozi kwa chitenje, kitenge chake. Mzee akapiga meza kwa kiganja, akasema huyu hata yeye angempigia muhuri. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka kwa sababu nilidhani tunamcheka yeye.

Nilijua nimekosea kidogo, nikaanza kujizoeza kutojua. Mama wa pasipoti aliniuliza, "Uliona nini?" nikajibu, "Sijui," lakini nikajibu nimesimama wima, mikono mgongoni. Baba wa pasipoti aliiangalia mikono ile. Kesho yake alisema anakwenda Dzaleka kumuaga mama yangu kwa heshima, kama inavyotakiwa, na mimi nikamshukuru.

Alirudi siku ya pili na kifurushi kutoka kwa mama. Alikuwa amenikaangia usipa, wale samaki wadogo, kwa nyanya alizozifuata mwenyewe hadi soko la Madisi. Nilijua ni wa kuniaga. Nilikula wote, nikamwachia mdogo wangu mchuzi. Nilikuwa nakula usaliti wa mama yangu na nikaulamba hadi kwenye vidole. Na kuanzia hapo baba wa pasipoti hakuniita tena kwa lile jina. Aliniita "mutoto". Niliona, nikajiambia ana huzuni ya safari.

Halafu mama wa pasipoti akataka shati langu la kaki. "Lete nilipunguze kidogo ubavuni," alisema. Nikamwambia litanibana. "Njiani utakonda," alijibu, hakunitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa akiimba hata kwa pua. Alilipunguza. Mimi nilikuwa msichana mnene kidogo, mdogo wangu alikuwa mwembamba. Leo hata kipofu angeona, lakini mimi nilikuwa nikisoma Kiingereza.

Asubuhi ya safari baba wa pasipoti alisema tumesahau kofia za jua. Basi litaondoka alasiri, alisema, kwa hiyo nikimbie Tsoka nichague kofia tatu, maana mimi ndiye ninayejua zinavyofanana kwenye vipeperushi. Nilifurahi kuaminiwa. Nilikuwa mlangoni mdogo wangu aliponishika mkono.

"Yaya, mi nitaenda sokoni," alisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "We baki."

"We? Utapotea hata barabara haujaiona. Kaa."

"Yaya, baki tu."

Alikuwa ananibana kama siku ile ya boti. Niliuchomoa mkono wangu. Nilimwambia asianze kulia sasa, aningoje nirudi ndipo anilie vizuri. Mama wa pasipoti akamwita ndani. Mara nyingi nimerudi kwenye mlango ule kichwani, na kila mara natoa mkono, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Tsoka ni mbali na Area 47. Ndiyo sababu walinituma kule. Nilizunguka mabanda ya mitumba nikijaribu kofia, nikikataa, nikiwasumbua wauzaji, mpaka nikapata tatu zenye ukingo mpana na kamba ya kidevuni. Niliporudi mke wa mzee alikuwa ameketi nje, na alipoziona kofia akashika mdomo.

"Apita, mwana wanga," aliniambia. Wamekwenda, mwanangu. "Pepani." Pole.

Nilidhani anasema wametangulia kituoni. Niliingia ndani kuchukua begi langu. Begi halikuwepo. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa vizuri juu ya mkeka, kila kitu changu isipokuwa shati la kaki, na kando yake ile picha ya ngamia. Nguo za mdogo wangu hazikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa, na sikupiga kelele. Nilitoka nikamwuliza mzee basi la Blantyre linaondoka saa ngapi. Akasema limeshaondoka asubuhi. Akasema, kwa aibu ya mtu mwema, kwamba baba yule aliniachia neno: niambiwe kwamba mimi ni mtoto mwenye akili sana.

Nilimchukia mzee yule kwa kicheko chake, na mkewe kwa pole yake. Zile kofia nilizitupa uani, kuku wakazikimbia.

Nitasema hapa hapa, nisije nikalazimika kulisema mwishoni: mdogo wangu alifika. Baba alimpokea kama mtoto wake, kwa sababu ni mtoto wake, akampeleka shule ile ile. Mdogo wangu aliniandikia barua ya kurasa nyingi, nami niliisoma baada ya muda mrefu kwa sababu niliogopa maneno mazuri. Maneno mazuri hayakuwemo. Alisema walipita mipaka minne na hakuna afisa hata mmoja aliyemwuliza swali. Alisema alilala karibu njia yote. Magofu hawakuyaona, basi lilipita mbali nayo, na jangwa aliliona dirishani, halikuwa na kitu.

Kesho ya siku ile ya kofia nilirudi Dzaleka. Kutoka barabara kuu nilipanda kabaza, nikakaa nyuma ya baiskeli na nguo zangu mapajani, na njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomwambia mama. Nilitaka tukasirike pamoja. Nilijua atapiga mayowe, atafunga kitenge kiunoni, atakwenda kwa wazee wa kambi kumshtaki mtu wa Kindu aliyeiba mtoto mmoja na kumtupa mwingine. Nilikuwa hata nimeanza kumtuliza kichwani.

Nilimkuta nje ya turubai akichagua mchele kwenye ungo. Aliinua macho akaniona, nipo peke yangu, nimebeba nguo mkononi, na hakushtuka.

"Umefika," alisema. "Kaa. Chakula iko."

Sikukaa. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile papa alikuya kuniaga."

"Na we ulimwambia nini?"

Alichagua punje moja nyeusi, akaitupa. "Nilisema ndiyo."

Nikaanza kujitetea, jambo ambalo hadi leo linanitia hasira. Nilimwambia kwamba nilikosea mara moja tu, kwamba nilikuwa nimeshajizoeza kutojua, kwamba baba aliandika aje mkubwa kwanza, mkubwa, kwa kalamu, na mkubwa ni mimi. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesoma vile vipeperushi vyote.

"Si juu ya vitabu," mama alisema. "Papa ile alifika hapa na maneno mingi, mutoto yako anajua mingi, banamalawi banamucheka. Nilimukata maneno. Hata kama haungekosea, ningesema vile vile. Nilikuwa nafikiri tangu zamani, nilikuwa tu nakosa namna ya kukuambia."

"Kufikiri nini?"

"Yeye hana mama," alisema. "Hana papa. Kule atapata papa. We unabaki na mi, we uko na mama."

Alilisema polepole, kama mtu aliyelipima kila siku na kuona liko sawa. Na nadhani lilikuwa sawa. Ningekuwa mtu wa pembeni ningelisifu. Lakini nilikuwa binti yake, nimesimama mbele yake, na alinigawa bila kuniuliza, kisha akanikaangia samaki.

"Basi saa hii tuko babili," nilimwambia. "Yeye hana mama, na mi sina."

Nilidhani atanipiga. Aliweka ungo chini, mchele ukamwagika kidogo, akainuka akaingia ndani ya turubai. Mama yangu hakulia siku tuliyovuka ziwa, hakulia Kigoma tulipoacha kuwangoja, hakulia tulipopewa kipande cha ardhi kando ya ukuta wa gereza. Siku ile nilimsikia. Alilia kwa sauti kubwa, majirani wakatoka nje, na mimi nikakaa chini mahali alipokuwa amekaa, nikamsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilifurahi.